Difu ya Mbio kwenye Barabara ya Milima

Kisa hiki ni cha mfano. Mtu wake sikumpa jina, ila hesabu zake ni za kweli na barabara yake ipo. Inaanzia Mang'ola, bonde la vitunguu lililo kando ya Ziwa Eyasi, inapanda hadi Karatu, inateremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, kisha inapita Makuyuni kwenda Arusha. Nakisimulia kwa ajili ya kila mwenye pikapu ya dizeli anayetafuta namna ya kupunguza gharama ya mafuta, kwa sababu wengi hupoteza katika kutafuta huko fedha nyingi kuliko zile walizotaka kuokoa.

Mtu huyo alikuwa na Hilux ya zamani ya fo-wili, yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ujazo wa lita 2.8, isiyo na tabo. Ikienda Arusha ilibeba vitunguu. Ikirudi ilibeba mbolea na saruji za wenye maduka. Ilimsomeshea watoto. Lakini bei ya dizeli ilipopanda, akaona kila safari faida inazidi kubaki kituo cha mafuta. Kwenda na kurudi, karibu kilomita 400, gari lilikula lita 44. Akakosa raha.

Ndipo shemeji yake alipokuja likizo kutoka Marekani. Alipanda naye siku moja mpaka Arusha, akawa anasikiliza injini.

"Shemeji, injini yako inazunguka mno kwa mwendo huu," alimwambia. "Kule ninakoishi, mtu anayetaka pikapu ya dizeli isile mafuta huweka difu ya mbio. Injini inatulia, mafuta yanapungua."

Yule bwana akalishika neno hilo. Dereva wake, kijana aliyeijua ile Hilux kwa miaka, alithubutu kusema, "Tajiri, kwa mzigo wetu na milima yetu, difu ya mbio itatufikisha?"

"Wewe endesha. Habari ya mafuta niachie mimi ninayelipa."

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu hiyo difu. Ndani yake kuna gia mbili zinazokutana: pinioni ndogo inayoletewa mwendo na propela shafti, na krauni kubwa inayozungusha ekseli. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni, utapata uwiano wa difu. Difu ya yule bwana ilikuwa na meno 39 kwa 8, yaani 4.875: shafti inazunguka karibu mara tano ili tairi lizunguke mara moja. Hiyo mafundi huiita difu ya nguvu. Toyota wametengeneza nyingine nyingi kwa pikapu zao: 41 kwa 9, ambayo ni 4.556; 43 kwa 10, ambayo ni 4.300; 41 kwa 10, ambayo ni 4.100; na 41 kwa 11, ambayo ni 3.727. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo difu inavyokuwa ya mbio: injini inazunguka mara chache kwa kila kilomita, na nguvu inayofika kwenye tairi inapungua kwa kiasi kilekile. Mtu wa baiskeli ya mkaa analijua jambo hili kwa miguu yake: akifunga friwili yenye meno machache, tambarare atakanyaga mara chache, ila kilima cha kwanza kitamshusha chini asukume.

Bwana wetu aliingia kwenye maduka ya spea za mtumba, akatafuta iliyo ya mbio kuliko zote. Akapata ya 41 kwa 11. Aliyemfungia alimwambia kwamba difu ya mbele aiache kama ilivyo, kwa kuwa fo-wili haitumiki kila siku. Akakubali, kwani ilimpunguzia gharama. Ile difu ya zamani akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, fedha ikapungua kidogo kwenye bei ya difu mpya. Hesabu ikampendeza.

Safari ya kwanza ilimfurahisha. Kutoka Makuyuni kwenda Arusha barabara haina milima mikali, na dereva aliweka mshale wa spidi kwenye 80 kama kawaida yake. Injini ililia sauti ileile ya siku zote, lakini miti ilipita haraka na gari likafika mapema. Tajiri akasema gari limepata nguvu mpya.

Halikupata nguvu yoyote. Kwenye pikapu za aina hii waya wa spidi huchukua mwendo kwenye shafti inayotoka transfa, boksi linalogawa mwendo mbele na nyuma, kabla ya difu. Mshale haujui tairi linafanya nini. Unajua shafti tu. Difu ilipobadilishwa, shafti ileile, kwa mizunguko ileile, ilisukuma gari mbali zaidi. Mshale uliposoma 80, gari lilikuwa linakwenda karibu kilomita 105 kwa saa. Injini ilikuwa kwenye mizunguko ileile ya zamani, karibu 2,470 kwa dakika kwa gia namba tano, na utulivu ulioahidiwa haukuwapo. Kibaya zaidi, upepo unaolipinga gari huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 105 nguvu ya upepo inaongezeka kwa karibu asilimia 70. Alichokiokoa kwa difu alikuwa anaupa upepo.

Makijijini, dereva alipunguza hadi 50 ya mshale, naye kwa kweli alikuwa kwenye 65. Tochi ya trafiki haisomi dashibodi ya mtu. Faini ya shilingi 30,000 ikalipwa, dereva akaapa kwamba hakuzidisha mwendo, na tajiri akamwona mwongo. Kijana wa watu alikuwa anasema kweli kadiri ya chombo alichopewa. Naliona hili kuwa dhuluma kubwa kuliko hasara ya mafuta, kwa sababu mwenye gari anapoharibu kipimo, anayeadhibiwa ni yule aliyekaa nyuma ya usukani.

Kurudi Karatu ndiko kulikofichua mengine. Baada ya Mto wa Mbu barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona, na gari lilikuwa na saruji. Zamani dereva alipanda sehemu ndefu za mlima huo kwa gia namba nne. Sasa namba nne ilikufa mkononi. Ukitazama hesabu utaona kwa nini. Gia namba tano ya giaboksi yake ni karibu 0.85, ukiizidisha kwa difu ya zamani ya 4.875 unapata karibu 4.14. Gia namba nne ni 1.00, ukiizidisha kwa difu mpya ya 3.727 unapata 3.727 ileile. Kwa maneno mengine, namba nne mpya ilikuwa dhaifu kuliko namba tano ya zamani. Akashuka mpaka namba tatu, ambayo ni karibu 1.4, na ukizidisha kwa 3.727 unapata karibu 5.2. Zamani, kwa namba nne, ilikuwa 4.875. Basi kwenye mlima ule, kwa mwendo uleule, injini ilizunguka zaidi ya ilivyozunguka kabla ya kuwekwa difu ya mbio. Difu iliyonunuliwa ili kuituliza injini ndiyo iliyoifanya ilie zaidi, mahali penyewe ambapo mafuta mengi huliwa.

Na kwa gia namba moja, kuondoka na mzigo mlimani kulihitaji dereva aichezee klachi kwa muda mrefu, maana nguvu kwenye tairi ilipungua kwa karibu robo. Harufu ya klachi ikaingia ndani ya kebini. Tena Karatu ipo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya saba ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na tabo huvuta hewa hiyohiyo iliyopo, haina cha kuiongezea. Gari lililokuwa na nguvu ya kutosha tu likawa halina ya kutosha.

"Tajiri, gari halivuti," alisema dereva.

"Utalizoea."

Waliporudi walijaza tenki. Zikaingia lita 46. Tajiri akasoma kilomita kwenye dashibodi: 306. Akagawanya, akapata chini ya kilomita 7 kwa lita. Zamani alikuwa anapata 9. Akashika kichwa.

Hapa ndipo hasara ndogo ilipozaa kubwa. Kilomita nazo huhesabiwa na shafti ileile. Gari lilikuwa limekwenda kilomita 400 zilezile za siku zote, ila dashibodi ilihesabu tatu kwa kila nne. Ulaji wa kweli ulikuwa kilomita 8.7 kwa lita: umezidi kidogo ule wa zamani, na sababu zake tumeziona. Lakini yeye aliamini gari limeugua ghafla, akaanza kutibu ugonjwa usiokuwapo. Alibadilisha nozeli zilizokuwa nzima. Akafungua pampu ya dizeli, na alipolalamika kwamba gari halina nguvu, akapata mtu wa kukaza skrubu ya pampu ili imwage mafuta zaidi. Injini isiyo na tabo ukiimwagia mafuta kuliko hewa iliyonayo haikupi nguvu ya kufaa. Inakupa moshi mweusi. Moshi huo ni dizeli uliyoinunua, isiyoungua ikaisha. Safari iliyofuata ililamba lita 50.

Kisha mvua ikanyesha Mang'ola. Gari likazama kwenye tope la njia ya mashamba, dereva akaingiza fo-wili kama alivyofanya miaka yote. Kwenye tope likatoka, kwa kuwa matairi yanateleza. Lilipofika ardhi ngumu, na mzigo mgongoni, likaanza kujikaza na kupiga kelele chini, na mkono wa fo-wili ukagoma kutoka. Difu ya mbele ilikuwa bado 4.875 na ya nyuma 3.727. Transfa huzipa shafti zote mbili mwendo mmoja. Kwa hiyo tairi la mbele lilipozunguka mara 100, la nyuma lilitakiwa kuzunguka karibu mara 131. Kwenye ardhi ngumu haiwezekani. Kitu lazima kiteleze, na kama hakitelezi, lazima kivunjike. Kikavunjika ndani ya transfa, na vitunguu vikalala porini.

Dereva ndiye aliyependekeza wamwite fundi mmoja mzee wa Karatu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Gari lina nini?"

Tajiri akaeleza yote: mafuta, pampu, nozeli, transfa. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huo ulaji wa mafuta uliupima kwa kitu gani?"

"Kwa dashibodi, mzee wangu."

"Na dashibodi inaijua difu ipi, ya zamani au hii?"

Hakuna aliyejibu. Mzee akaweka kabari kwenye matairi ya mbele, akainua nyuma ya gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi imara, akatoa gia. Akachora alama ya chaki kwenye propela shafti na kwenye matairi. Akamwambia kijana azungushe matairi yote mawili ya nyuma pamoja, mzunguko mmoja kamili, naye akahesabu shafti: mara tatu na karibu robo tatu. Akahamia mbele, akafanya vilevile: mara tano kasoro kidogo. "Difu mbili za gari moja hazisemi lugha moja," akasema. "Na wewe umetibu injini, wakati injini haikuwa mgonjwa."

Ilibidi bwana yule atafute difu nyingine ya 39 kwa 8, transfa nyingine, na kurudisha pampu kwenye kipimo chake. Alipojaza tenki baada ya hapo, safari ilirudi kwenye lita 44. Fedha alizotumia kuokoa mafuta zingetosha kununua mafuta ya safari nyingi mno.

Sasa tuulize: je, shemeji alimdanganya? Hapana. Alisema jambo la kweli mahali pasipo pake. Huko Marekani, Dodge walipoanza kuweka injini ya Cummins ya lita 5.9 kwenye pikapu zao za mwaka wa modeli 1989, injini hiyo yenye tabo ilikuwa na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya karibu Nm 540, na iliitoa kwenye mizunguko isiyofika 2,000 kwa dakika. Injini ya namna hiyo, kwenye barabara kuu pana, inaweza kuzunguka polepole na bado ikavuta. Hata huko wanunuzi walichagua difu kulingana na kazi: ya namba ndogo kwa mwendo mrefu, ya namba kubwa kwa anayevuta trela zito. Injini ya 3L ya Hilux ina Nm 188 hivi, na inazitoa kwenye mizunguko 2,400. Hiyo ni karibu theluthi ya nguvu ya Cummins. Ukiishusha mizunguko mpaka 1,900, huku ina saruji mgongoni, unaitoa kwenye sehemu inayovuta vizuri na kuipeleka inakohangaika.

Tena dizeli ina tabia yake. Injini ya petroli hubanwa koo na kipepeo cha hewa inapokwenda polepole, na difu ya mbio huipunguzia adha hiyo. Dizeli ya kawaida haina kipepeo hicho. Inavuta hewa wazi na kupimiwa mafuta tu. Kwa hiyo faida yake kutoka kwenye difu ya mbio hutokana zaidi na kupungua kwa msuguano ndani ya injini, nayo si kubwa kama watu wanavyodhani. Ukipunguza mizunguko kwa robo, usitegemee mafuta kupungua kwa robo. Kazi ya kuusukuma upepo, kuzungusha matairi na kuupandisha mzigo mlimani inabaki palepale, na kazi hiyo ndiyo inayokula sehemu kubwa ya tenki. Difu haitengenezi mafuta. Inachagua tu injini ifanye kazi hiyo ikiwa inazunguka kwa kasi gani.

Kwa hiyo difu ya mbio ina watu wake. Anayeendesha gari jepesi, mwendo mrefu, kwenye tambarare, na injini yake ina nguvu ya ziada, atapata nafuu ya kweli. Hata yeye asiruke kutoka juu kabisa hadi chini kabisa; kutoka 4.875 kwenda 4.556 au 4.300 kunatosha kumwonyesha njia. Anayebeba mizigo milimani, difu ya nguvu aliyopewa na kiwanda ni rafiki yake, ingawa inapiga kelele.

Kwa yeyote anayefikiria kubadilisha, haya ayashike. Kwanza ajue alichonacho, kwa kuhesabu mizunguko kama alivyofanya yule mzee. Ikiwa tairi moja tu limeinuliwa na jingine liko chini, alizungushe lile la juu mara mbili kamili, ndipo hesabu ya shafti itakuwa sahihi. Pili, gari likiwa la fo-wili, difu zote mbili zibadilishwe pamoja na ziwe na uwiano mmoja. Kubadilisha moja ni kuzika bomu chini ya gari. Tatu, baada ya kubadilisha arekebishe gia ya waya wa spidi, na kabla ya hapo asiuamini mshale wala kilomita za dashibodi. Apime umbali kwa barabara anayoijua au kwa simu yenye ramani. Nne, akumbuke kwamba matairi nayo ni sehemu ya difu. Anayetoa 205R16 na kuweka 235/85R16 ameongeza kimo cha tairi kwa karibu asilimia 10, na difu yake ya 4.875 sasa inafanya kazi kama ya 4.44. Amebadilisha difu bila kujua, na dashibodi yake nayo inadanganya.

Tano, na hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote: apime kabla ya kutumia hata shilingi moja. Ajaze tenki mpaka bomba likate, aende safari zake za kawaida na mzigo wake wa kawaida, ajaze tena kituo kilekile, aandike lita na kilomita. Arudie mpaka aione tabia ya gari lake. Kisha ajaribu yale yasiyo na gharama: upepo wa matairi uwe sawa, filta ya hewa iwe safi, mzigo usizidi, mwendo usipite 80 kwenye tambarare. Wengi watapata humo nafuu waliyokuwa wanaitafuta kwenye maduka ya spea. Na amsikilize dereva wake, kwa sababu dereva anaisikia injini kila siku kwa masikio, kwa mikono na kwa nyayo, naye alisema ukweli kabla ya fundi yeyote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gari ni mali, na daftari lake ni kurasa chache za lita na kilomita zilizoandikwa kwa uaminifu. Mwenye daftari hilo akipewa ushauri, uwe wa shemeji au wa fundi, ana kitu cha kuupimia. Asiye nalo atafuata kila neno analosikia, na kila neno litamgharimu.